Daktari wa Kichina anasema chi ya ini langu imefungana. Hilo linahusianaje na kujidharau?

Mhadhiri Ugenini (Nanjing) ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni Mtanzania, nipo Nanjing kwa masomo ya uzamivu. Kabla ya kuja huku nilikuwa nikifundisha chuoni, nina ofisi yenye jina langu mlangoni, na niliposimama mbele ya darasa sikuwa na shaka kwamba ninachokisema kina uzito. Hapa nimekuwa mtu wa kuelekezwa mahali pa kuweka sahihi. Katika vikao vya maabara wenzangu huzungumza Kichina kwa kasi nami huitikia kwa kichwa mambo ambayo sikuyaelewa, na msimamizi wangu akinisahihisha, hata kwa upole, neno lake moja hunikaa rohoni siku nzima. Polepole nimeanza kuamini kwamba hata kule nyumbani watu walinistahi kwa kuwa tu hawakunijua vizuri.

Sikwenda hospitali kwa ajili ya hayo. Nilikwenda kwa sababu ya kichwa kinachouma kila jioni, usingizi unaokatika saa nane za usiku, tumbo linalojaa hewa, na kitu kama donge kooni ambacho hakimezeki wala hakitemeki, ingawa chakula kinapita bila taabu. Katika hospitali ya tiba ya jadi ya Kichina, daktari mmoja mama wa makamo aliniwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kwa madaktari. Akanitaka nitoe ulimi, akautazama pembeni na katikati, ndipo akasema kwamba chi ya ini imefungana na kwamba kazi ya wengu imeanza kudhoofika. Aliniandikia Xiao Yao Wan, vidonge vidogo vyeusi vya mviringo, vinane kwa mara moja, mara tatu kwa siku, na akanichoma sindano za akupancha kifundoni mwa mkono na juu ya mguu, kati ya kidole gumba na kidole kinachofuata. Nilipokuwa natoka akanisihi nijitahidi nisikasirike.

Hapo aliniacha njia panda, kwa sababu mimi si mtu wa hasira hata kidogo. Tatizo langu ni kimya. Ninachoomba kwa wanaoifahamu tiba hii ni maelezo. Ini linahusiana vipi na mtu kujiona hafai? Je, katika tiba hiyo kuna mahali panapozungumziwa kujithamini, au mimi ndiye ninayelazimisha maana? Na vidonge vinaweza kweli kumrudishia mtu heshima yake mbele ya nafsi yake?

Mwanagenzi wa Tiba (Tianjin) amejibu:

Dada Mhadhiri, pole kwa masomo na pole kwa ugeni. Nasomea tiba ya Kichina huku Tianjin na bado ni mwanagenzi, kwa hiyo nitaeleza niliyofundishwa na niliyoyaona wodini, na penye maoni yangu nitasema kuwa ni maoni.

Kwanza, ini alilolitaja daktari wako si lile linalopimwa kwa damu maabara, ingawa vyote viwili vinaitwa kwa jina moja. Kitabu cha msingi cha tiba hii, Huangdi Neijing, kilichokusanywa takriban miaka 2000 iliyopita kwa mtindo wa mazungumzo kati ya Mfalme wa Manjano na tabibu wake Qi Bo, kinavipa viungo vya mwili vyeo vya serikali. Moyo ni mfalme, na utambuzi hutoka kwake. Mapafu ni waziri wake mkuu. Ini ni jemadari anayepanga mikakati. Nyongo ni mwamuzi mnyofu ambaye kila uamuzi hutoka kwake. Wengu na tumbo ni wasimamizi wa maghala. Matabibu waliofuata walimwongezea jemadari huyo kazi ya kuhakikisha kwamba chi, yaani nguvu inayoendesha mwili na hisia, inapita kote bila kizuizi. Kwa hiyo mtu anaposema ini lako limefungana, anazungumzia mwendo uliokwama, na hana maana kwamba kiungo chenyewe kina kidonda au uvimbe.

Sasa kuhusu hasira ambayo unasema huna. Kitabu hicho kinaeleza kwamba hasira huipandisha chi, furaha huilegeza, huzuni huitawanya, hofu huishusha, mshtuko huivuruga, na kuwaza sana huifunga. Kila hisia ina kiungo chake: hasira huliumiza ini, furaha iliyopita kiasi huuumiza moyo, mawazo huuumiza wengu, huzuni huyaumiza mapafu, na hofu huziumiza figo. Kinachowapotosha wengi ni kudhani kwamba hasira ni kupaza sauti na kuvunja vyombo, ilhali katika kliniki za huku wagonjwa wengi wanaoambiwa wana tatizo la ini ni watu wapole, waliomeza jibu walilotaka kulitoa, wakalimeza tena kesho yake, mpaka kumeza kukawa desturi yao. Kimya chako cha kwenye vikao ndicho alichokiona daktari wako. Donge la kooni nalo lina historia ndefu: Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, aliandika habari za mwanamke anayehisi kana kwamba kipande cha nyama ya kuchoma kimekwama kooni mwake, na dawa aliyoipanga kwa hali hiyo inaandikwa mpaka leo.

Katika swali lako la pili, jibu langu ni kwamba hapana, hukuti sura yenye kichwa cha habari "kujithamini". Wapo matabibu wa siku hizi, hasa Ulaya na Marekani, wanaofundisha kwamba mtu asiyejiamini ana tatizo la figo kwa sababu figo huhifadhi nia, au la nyongo kwa sababu nyongo ndiyo yenye uthubutu. Msingi wa maneno hayo upo katika vitabu vya kale, na kweli huku huandikwa "udhaifu wa chi ya moyo na nyongo" kwa mtu mwoga, anayeshtuka ovyo na asiyeweza kukata shauri. Lakini kuchukua dhana ya leo ya kujithamini na kuibandika juu ya kiungo kimoja naona ni kurahisisha mno.

Kuna sehemu nyingine ya Huangdi Neijing inayokuhusu zaidi, wala haitajwi sana katika vijitabu vya afya. Katika sura inayoorodhesha makosa matano ya matabibu, kosa la kwanza kabisa ni kutomuuliza mgonjwa kuhusu hadhi yake ya zamani na ya sasa. Inasemwa kwamba mtu aliyekuwa na cheo kisha akashuka, hata kama hakuna baridi wala upepo uliomwingia, ugonjwa huzaliwa ndani yake mwenyewe. Na aliyekuwa tajiri kisha akafukarika hali kadhalika. Ugonjwa huo una majina yake mahususi. Tabibu akimpima mgonjwa wa namna hiyo haoni kasoro kwenye viungo wala mabadiliko ya umbo, anabaki na mashaka asijue ampe ugonjwa jina gani, huku mwili wa mgonjwa ukikonda siku hadi siku na chi yake ikipungua mpaka anakuwa mtu wa kutetemeka na kushtuka.

Soma tena aya ya kwanza ya swali lako, dada. Ulikuwa na jina mlangoni, sasa hulioni. Waandishi wale hawakusema kwamba mtu kama huyo ana fikra potofu kuhusu thamani yake. Walisema amepoteza kitu halisi, mahali pake miongoni mwa watu, na mwili wake umeuhisi upotevu huo. Kwa maoni yangu huo ndio mchango wa pekee wa tiba hii katika jambo unaloliuliza.

Na vidonge je? Xiao Yao ni mchanganyiko uliomo katika mkusanyo wa duka la dawa la serikali ya enzi ya Song: mizizi ya chaihu ya kuliachia ini, danggui na pioni nyeupe za kulisha damu, baizhu na fuling za kuusaidia wengu, urukususu, na kidogo cha tangawizi na nanaa. Mchanganyiko huo unaweza kukupunguzia hewa tumboni na kukupa usingizi. Lakini Zhang Jiebin, tabibu mashuhuri aliyeishi kati ya 1563 na 1640, alipoandika kuhusu maradhi ya mawazo yaliyofungana alikiri kwamba hisia zisipopata pa kutokea, na lile ambalo mtu analitamani lisipotimia, dawa hupata tabu kufanya kazi. Aliyasema hayo mtu ambaye riziki yake ilitokana na kuandika dawa.

Muuguzi wa Zamu (Dodoma) amejibu:

Nimesoma maelezo ya Mwanagenzi kwa furaha kwa sababu hakuuza kitu, jambo ambalo ni nadra mada ya dawa za Kichina inapofunguliwa. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na nitayatazama mambo haya kutoka upande wangu.

Dalili za Dada Mhadhiri, yaani kuamka usiku wa manane, kuumwa kichwa, kusumbuliwa na tumbo, na kujiona si chochote, tungezipima kwanza kwa ajili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Wagonjwa wetu nao hawaji wakisema "nina huzuni". Huja wakisema kichwa kinawaka moto, mwili unachoma, moyo unakwenda mbio. Kuna utafiti maarufu uliofanyika hukohuko China kuhusu jambo hili. Mwaka 1980 Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia kutoka Marekani, aliwachunguza wagonjwa 100 katika hospitali ya Changsha, mkoani Hunan, ambao wote walikuwa wameandikiwa kwamba wana udhaifu wa mishipa ya fahamu. Wagonjwa 87 kati yao walitimiza vigezo vya sonona kwa mizani ya Kimagharibi, ingawa malalamiko yao makubwa yalikuwa maumivu ya kichwa, kukosa usingizi na kizunguzungu. Wengi walipopewa dawa za sonona dalili zilipungua, lakini ugonjwa haukuwaachia maadamu kazi iliyowadhalilisha au mgogoro wa kifamilia ulikuwa palepale. Naona hapo Kleinman na Zhang Jiebin, yule tabibu wa karne ya 17, wamekutana.

Kwa hiyo sina ugomvi na lugha ya ini. Mtu akisema "ini langu limefungana" anaweza kulisema mbele ya baba mkwe bila aibu, na mazungumzo yakaanza. Ugomvi wangu ni pale lugha hiyo inapomfanya mgonjwa aishie kwenye vidonge na asiulizwe kitu kingine.

Kuhusu akupancha, ushahidi upo ila si wa kutambia. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2013 liliwahusisha wagonjwa 755 wa sonona kaskazini mwa Uingereza: waliopata akupancha na waliopata unasihi walipata nafuu zaidi ya walioendelea na matibabu ya kawaida peke yake, na kati ya makundi hayo mawili hapakuwa na tofauti ya maana. Hakukuwa na sindano za kuigiza katika jaribio lile, kwa hiyo hatuwezi kutenganisha kazi ya sindano na kazi ya kukaa na mtu anayekusikiliza kwa utulivu. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 64 zenye washiriki 7104, yaliona dalili ya nafuu lakini yakasema ubora wa ushahidi ni mdogo. Anayekwambia kwamba sindano zinatibu sonona kwa uhakika anakudanganya, na anayekwambia ni upuuzi mtupu amesoma nusu.

Nina tahadhari mbili ambazo sitazipitia haraka. Baadhi ya vidonge vya jadi vya kutuliza moyo hutiwa madini mekundu ya zebaki, yanayoitwa zhusha kwa Kichina; hayo usiyatumie, hata kama yanauzwa kwenye boksi zuri na hata kama aliyekuandikia ni mtu mwenye mvi. Pili, mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji wanawake wengi waliharibikiwa figo baada ya kunywa vidonge vya kupunguza unene ambavyo mmea wenye sumu wa jamii ya Aristolochia uliingizwa badala ya mmea mwingine wenye jina linalofanana nao. Nunua hospitalini, ukiwa na orodha ya viambato, na kama unatumia dawa nyingine yoyote mwambie daktari kabla hujachanganya.

Mwisho, dada, nakuuliza waziwazi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Je, umewahi kufikiri kwamba ingekuwa afadhali usiwepo? Kama jibu ni ndiyo, nenda leo kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali au kwa mnasihi wa chuo, wala usisubiri vidonge viishe. Kama ni hapana, lakini huzuni na kukosa hamu vimekushika kutwa, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, bado unahitaji kupimwa.

Mzee wa Mkunazini (Unguja) amejibu:

Wanangu, hamjambo. Nimefurahi kuona binti yetu yuko Nanjing, kwa sababu hao madaktari wa Kichina tuliowazoea hapa hospitali ya Mnazi Mmoja, waliokuwa wakija kwa zamu tangu 1964, mkoa wao ni Jiangsu, na Nanjing ndio mji mkuu wa mkoa huo.

Msiyaone mambo haya kuwa ni mageni kwetu. Watabibu wetu wa mwambao, waliofuata tiba iliyotoka kwa Wayunani ikapitia kwa Waarabu na kwa Ibn Sina, walihesabu mwilini vitu vinne: damu, belghamu (makohozi), safura (nyongo ya manjano) na sauda (nyongo nyeusi). Sauda ikimzidi mtu walisema atakuwa mzito, atapenda kujitenga na atawaza mabaya. Mgonjwa wa namna hiyo hakuitwa mwendawazimu wala dhaifu wa imani. Aliambiwa sauda imempanda, akapangiwa chakula, akaoga, akatolewa nje akae na watu. Nikisoma maelezo ya kijana wa Tianjin naona tofauti moja, kwamba wazee wetu waliuliza ni kitu gani kimezidi, na Wachina wanauliza ni kitu gani kimekwama. Lakini wote hawakumwambia mgonjwa kwamba huzuni yake ni ya kujitakia.

Muuguzi, nakushukuru kwa habari ya zebaki. Huku vidonge vya namna hiyo hupita mikononi mwa watu bila hata karatasi ya maelezo.

Mhadhiri Ugenini amejibu:

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Muuguzi, nimekusoma na nakujibu waziwazi: sijawahi kufikiri hivyo, lakini hizo wiki mbili zimeshapita zamani, kwa hiyo nimeomba miadi na mnasihi wa chuo, ambaye nimeambiwa anazungumza Kiingereza.

Maneno ya Mwanagenzi kuhusu mtu aliyeshuka cheo yamenifanya nifunge kompyuta nikatembee kwanza kabla ya kuendelea kusoma. Lakini yananiletea swali jingine. Kama tatizo ni kwamba nimepoteza mahali pangu, mahali hapo sitapapata tena kabla ya kumaliza shahada, na muda wote huo bado kuna kikao kila Jumatano. Ikifika Jumanne jioni tayari mikono imekuwa ya baridi. Je, matabibu hao wa kale walikuwa na lolote la kusema kuhusu hofu yenyewe, mbali na kutaja figo?

Mwanagenzi wa Tiba amejibu:

Walikuwa nalo, na kisa chenyewe ndicho nikipendacho kuliko vyote tulivyofundishwa.

Zhang Congzheng, aliyeishi kaskazini mwa China kati ya 1156 na 1228, aliitwa kumtibu mke wa bwana mmoja aitwaye Wei Dexin. Mama huyo alikuwa amelala ghorofani katika nyumba ya wageni, usiku wakaja wanyang'anyi wakachoma nyumba, naye kwa mshtuko akaanguka kutoka kitandani. Tangu siku ile kila aliposikia mlio wowote alizimia. Jamaa zake wakawa wanatembea kwa kunyata, hakuna aliyethubutu kuangusha kitu, na hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja huku matabibu wakimpa jinseng na lulu za kutuliza moyo bila mafanikio. Zhang aliagiza wajakazi wawili wamshike mikono akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, akaweka meza ndogo mbele yake, akamwambia aitazame, kisha akaipiga kwa kipande cha mti. Mama akaruka kwa hofu. Zhang akamwambia: nimepiga meza tu, unaogopa nini? Akangoja atulie, akapiga tena, na tena. Akahamia kuupiga mlango kwa fimbo, kisha akamtuma mtu kwa siri akwaruze dirisha lililokuwa nyuma ya mgonjwa. Ikafika mahali mama akacheka na kuuliza hii ni tiba gani. Zhang alijibu kwamba kitu kilichozoeleka hakimshtui mtu, na usiku ule akaweka watu wa kugonga milango na madirisha yake tangu jioni mpaka alfajiri. Baada ya siku moja au mbili, kisa kinasema, hata radi haikumshtua.

Angalia jinsi alivyofanya. Hakumpa moyo kwa maneno matamu wala hakumwambia ajiamini. Alianza na mlio ulio mbele ya macho yake, ambao mgonjwa aliuona ukija, akafuatisha ule wa mlangoni, na mwishoni ule usioonekana, tena kila mara alingoja hofu ishuke ndipo aendelee. Kwa kikao chako cha Jumatano, meza ya mbele ya macho inaweza kuwa sentensi moja tu ya Kichina uliyoiandika na kuikariri, ukaisema mapema kabla mjadala haujapamba moto. Wiki inayofuata iwe swali moja. Jambo la kukatizwa na kujibu papo kwa papo, ambalo kwako ndilo dirisha la nyuma, liache mpaka baadaye. Mnasihi wako bila shaka anaijua njia hii kwa jina jingine, kwa hiyo mpangilie naye.

Kuhusu mwili, asubuhi nenda kwenye bustani yoyote ya Nanjing na utawakuta wazee wakifanya Baduanjin, mazoezi ya hatua nane ambayo hayahitaji nguvu wala vifaa. Katika mpangilio unaofundishwa sana siku hizi, hatua ya saba ni kukunja ngumi na kutoa macho kwa ukali huku ukisukuma ngumi mbele polepole. Wewe uliyesema huna hasira, anza na hiyo. Wale bibi watakucheka kidogo, kisha watakurekebisha mkono, na Kichina chako kitapata wasikilizaji wasiokupa maksi.

Na ukirudi kwa daktari yule mama, mweleze ulikuwa nani kabla ya kuja. Kama hakukuuliza, mwambie wewe mwenyewe, hata kama itabidi uandike kwenye simu itafsiriwe, kwa sababu habari hiyo ni sehemu ya ugonjwa sawasawa na ulimi na mapigo ya mshipa.

Mzee wa Mkunazini ameuliza:

Samahani nikiingiza la kwangu. Nilisikia zamani kwamba Wachina wana dawa ya mwanamke anayelia bila sababu, inayopikwa kwa ngano, urukususu na kunazi kavu za kwao. Vitu hivyo vyote au vinavyofanana navyo nikienda soko la Darajani navipata. Nina binti yangu, tangu aachike haendi harusini, haendi maulidini, na akiulizwa kitu machozi hutangulia. Ana shinikizo la damu na anameza vidonge vya kila siku. Je, naweza kumchemshia?

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Shikamoo mzee. Dawa hiyo ipo kweli, ni ya Zhang Zhongjing, yule yule wa donge la kooni, lakini kwa binti yako usiichemshe. Urukususu ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na hupunguza potasiamu mwilini, na baadhi ya vidonge vya presha navyo huipunguza potasiamu hiyo hiyo, kwa hiyo moyo unaweza kuingia matatani. Ngano na kunazi akila kama chakula hazina neno.

Mpeleke hospitali apimwe presha na apimwe sonona kwa siku moja, na uwaambie wahudumu jina la vidonge anavyomeza. Kuhusu kuachika kwake, naomba nikushauri kama mtoto wako: usimwambie asahau wala usimlazimishe kwenda harusini, kwa sababu harusini ndiko alikokuwa na mahali pa kukaa kama mke wa fulani, na mahali hapo hapapo tena. Mtafutie kwanza shughuli ndogo ambayo watu watamhitaji yeye kwa jina lake, iwe kusomesha watoto Kurani, iwe kushona, iwe kusimamia hesabu za duka, kisha umwachie aamue mwenyewe lini atatoka. Akianza kukataa chakula, au akisema maneno ya kutaka kufa, asiachwe peke yake, na mumpeleke siku hiyohiyo.